Sura ya Mama wa Kambo

Kila Ijumaa jioni, runinga ya kila nyumba iliwavika waigizaji wa hadithi sura za wenye nyumba, kila mtu kwa matendo yake ya wiki nzima. Leo ilikuwa hadithi ya yatima na mama wa kambo. Mwanaiki, aliyeolewa juzijuzi na kumkuta Salha, binti wa mumewe, ana miaka saba, alikuwa na wasiwasi. Wiki nzima alimsuka kwa mkono mwepesi. Hata firigisi ya kuku, haki ya mume, alimpa Salha.

Mama wa kambo akatokea kwenye runinga, fimbo mkononi. Alikuwa na sura ya mumewe, na masharubu yake.

"Alhamdulillahi," Mwanaiki akanong'ona, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mumewe naye akacheka, kwa kuchelewa.

Salha hakucheka. Alisogea taratibu mkekani, akamshika Mwanaiki kanga.