Risasi za Kasoro

Simba alikuwa amesimama ubavu, mchana kweupe, karibu kiasi cha kurushiwa jiwe. Bashiri akalenga, akabana pumzi, akafyatua. Simba akageuza shingo kama mtu aliyeitwa jina, akatokomea majanini. Aliyeanguka ni ng'ombe wa jumbe.

"Risasi hizi!" Bashiri akafoka. "Risasi hizi zitakuja kuniua mimi!"

Basi kijiji kizima cha Bahi kikala nyama siku ile, isipokuwa watu wawili: Jumbe Sostenes, aliyesusa kwa hasira, na Bashiri mwenyewe, Mwislamu wa Kondoa, kwa kuwa ng'ombe hakuwahiwa kuchinjwa. Ameua yeye, kisha fungu lake likawa harufu.

Jumbe akaita baraza. Bunduki ilikuwa mali ya baraza, na Bashiri ndiye aliyeibeba tangu kabla ya vita ya Hitla. Kwa ajili yake alipishwa njia na kupewa kigoda penye pombe asiyoinywa. Bila bunduki ile alikuwa mhamiaji tu mwenye kishamba cha mtama na goti bovu, na alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Na kijana Msafiri, aliyerudi kutoka jeshini, alikuwa anaitolea macho waziwazi.

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," Msafiri akasema, makusudi asikike. Watu wakaangua kicheko.

Bashiri akatoa mfukoni vichwa vya risasi vya shaba, akavimwaga mkekani.

"Chekeni, lakini guseni kwanza! Mwaka wa pili huu sinunui risasi iliyokamilika, ghali. Najaza mwenyewe maganda ya zamani. Natia fataki mpya, mke wangu Mwamvua ananipimia baruti, maana mkono wa mwanamke hauna pupa, kisha juu nashindilia vichwa hivi. Kiwanda huko Ulaya kilivikataa kwa kasoro, ndiyo maana nauziwa nusu bei. Haya, guseni!"

Wazee wakapokezana, wakapapasa. Kweli bwana, kila kichwa kilikuwa na mkwaruzo ubavuni. Msafiri naye akapapasa, akakirudisha mkekani polepole.

"Rahisi huvunja upishi," jumbe akasema, amelainika kidogo. "Haya, Bashiri. Baraza litakununulia za daraja la kwanza. Jumamosi utapiga kibuyu mbele ya watu wote. Ukikipasua, bunduki yako mpaka ufe. Ukikosa, nampa Msafiri, na hapo usinitajie risasi tena."

Bashiri nusura acheze ngoma. Hicho ndicho alichokuwa akikililia siku zote, apewe risasi nzima watu waone!

Akapanda treni kwenda Dodoma, roho kwatu. Njiani akamkumbuka Ebrahim, Mhindi mwenye duka anakonunua risasi, rafiki yake wa miaka, na akamshukuru kimoyomoyo. Maana alipoanza kukosa, alipomkosa nyati mzima mzima na kuingia dukani kwa Ebrahim kichwa chini, karibu kulia, ni nani aliyemfumbua macho? Ebrahim alichukua risasi iliyobaki, akaigeuza geuza, akasema, "Si wewe, bhai. Tangu vita iishe viwanda vinatuletea takataka. Kuna watu wanalipa bei kamili kwa uchafu huuhuu. Mimi nitakuwekea zilizoandikwa kasoro, nusu bei, angalau ujue unachonunua." Mfanyabiashara gani mwingine angesema kweli namna hiyo?

"Leo sitaki mikebe yako ya kasoro," Bashiri akamtangazia Ebrahim dukani hata kabla salamu hazijaisha. "Nipe za daraja la kwanza. Baraza linalipa."

Ebrahim akapoteza rangi. "Za nini, bhai? Zile umezizoea."

"Zimenizoea zenyewe! Jumamosi nashindania bunduki."

"Sikiliza, ndugu yangu. Mwambie jumbe umeumwa. Mwambie goti."

"Ebrahim! Unataka kumaliza mali yako mbovu juu ya mgongo wangu?"

Ebrahim akatupia jicho pazia la nyuma ya duka. Akasema dukani kwake za daraja la kwanza zimekwisha, lakini Praful wa ng'ambo ya barabara anazo. Bashiri akae, anywe chai, yeye atakwenda kumchukulia. Akatoka bila hata kuvaa kofia.

Bashiri akakaa na chai yake. Nyuma ya pazia akasikia kwaru, kwaru, kwaru. Akadhani ni panya yumo kwenye magunia ya karanga. Akainuka amfukuze.

Hapakuwa na panya. Fatmabai, mke wa Ebrahim, alikuwa amekaa mkekani dirishani, tupa ya kunolea visu mkononi, boksi jipya wazi mapajani, na pembeni ule mkebe wa kasoro ambao Bashiri aliujua kama anavyoijua sahani yake. Bashiri akainama, akachukua kichwa kimoja cha risasi ndani ya boksi. Kidole kikateleza. Akachukua kimoja mkebeni. Kidole kikakwama.

Tupa ikamdondoka Fatmabai.

"Kaka Bashiri, ni mkwaruzo wa juu tu, wallahi, haupunguzi kitu," akasema, machozi yakimlengalenga. "Daraja la kwanza hizi. Tangu ile ya mwanzo kabisa, zote zilikuwa nzima."

Ebrahim aliporudi akihema, boksi la Praful mkononi, alimkuta rafiki yake amekaa palepale penye kaunta, chai imepoa.

"Mrudishie Praful hizo, ndugu yangu," Bashiri akasema taratibu. "Nipimie zilezile za kasoro."