Pikipiki ya Papa Ilunga

Wewe umekwisha kuona pikipiki inayotembezwa kwa mkono, siku kwa siku, kama mbuzi anayepelekwa sokoni?

Watu wa mtaa wa Kataki waliiona. Saa moja na nusu asubuhi Papa Ilunga, mkaguzi wa mashamba ya pamba, aliitoa sebuleni, kwa maana ililala sebuleni, imefunikwa kitenge cha mauwa. Alivaa kofia ngumu, akafunga mkanda chini ya kidevu, akavaa miwani ya vumbi, glavu, na buti zilizofika magotini. Halafu akashika usukani na kuisukuma kwa miguu mpaka biro, ofisi ya pamba, karibu na gare ya treni. Saa tisa alirudi vilevile, jasho likichuruzika ndani ya miwani.

"Papa Ilunga, imekufa?" watu waliuliza.

"Iko nzima. Ila esansi ni ya Serikali," alijibu, akigonga tanki ya mafuta.

Zamani hakuwa hivyo. Wazungu wa mradi wa pamba waliporudi kwao, walimwachia pikipiki ya magurudumu manne, manene kama matumbo ya matajiri, nasi watu wa mtaa tukaiita Meza. Miaka mitano alikaa juu ya Meza, mgongo wima, suti yake ya abakosti imepigwa pasi, akikagua pamba mpaka njia ya Nyunzu. Kisha Meza ikavunjika mguu mmoja, na chuma chake hakikupatikana Kalemie wala Kigoma. Barua ikatoka Kinshasa: pesa ni kidogo, wakaguzi wote watapanda pikipiki za pori, za magurudumu mawili.

"Mwaka huu wametukata magurudumu mawili," alisema Emerance, mpiga mashini ya kuandikia wa biro. "Mwaka kesho wakikata lingine, mutapewa toroli."

Wenzake walicheka, wakachukua pikipiki zao na kupotelea porini. Papa Ilunga aliandika barua tatu kuomba Meza itengenezwe, akieleza kwamba magurudumu mawili hayana heshima. Hakuna aliyemjibu. Tangu hapo wakulima ndio walikuja kukaguliwa kwake, wamebeba miche ya pamba begani, udongo ukidondoka juu ya karatasi za Emerance.

Mke wake Odile, jina la Kizungu ambalo Serikali ilikuwa imelikataza lakini nyumbani lilibaki, hakutulia moyo. Yeye alikuwa na baiskeli ya marehemu baba yake, aliyotoka nayo kwao Ankoro. Kila asubuhi alibebea ndagala, dagaa wa ziwa, kutoka ufukoni, beseni mbili nyuma, pindo la kitenge amelikunja lisiingie kwenye mnyororo. Siku nyingine bwana alimsindikiza, yeye kwa miguu.

"Panda basi, unipokeze kidogo," Odile alimwambia.

"Mutu wa cheo hakanyagi pedali, Mama Florent."

Cheo gani hicho, Odile alijiuliza, kinachokataa pedali na kusukuma chuma? Mtu hachoki bure namna ile. Alijua jambo moja: esansi ya biro ilitoka kila mwezi, na wenye mitumbwi ya injini waliitafuta sana. Ukikamatwa unaiuza, ni gereza. Kila aliposikia buti za askari njiani, mkono wake ulisimama ndani ya unga.

Jumamosi moja, watu wote wakiwa kwenye salongo, wanafagia barabara kwa lazima na kuimba kwa lazima, mkubwa wa Chama wa mtaa alipanda juu ya pipa.

"Citoyens na citoyennes, wananchi wote! Mutazame Citoyen Ilunga! Katika Zaire nzima, nani mwingine anachoka miguu ili asile esansi ya Serikali?"

Watu wakapiga makofi. Wengine walipiga kwa sababu makofi yanapumzisha mikono kuliko jembe.

"Kwa hiyo, siku ya defile, gwaride la Chama, Citoyen Ilunga njo atafungua njia, juu ya pikipiki yake, mbele ya Komisere wa Serikali mwenyewe! Na siku ile asijali, esansi tutatoa sisi!"

Jembe la Papa Ilunga lilianguka.

"Papa, ni furaha?" Emerance akamwuliza. Aliinama kuliokota.

Mchana ule hakugusa bukari, ugali aliopikiwa. Odile akaona sasa yamefika: siku ya defile wataifungua tanki mbele ya watu, watakuta kavu, na bwana atatoka pale moja kwa moja mpaka gerezani. Papa Ilunga alipoingia kuoga, Odile alifunua kile kitenge cha mauwa, akazungusha kifuniko cha tanki, akatumbukiza kijiti cha ufagio.

Kijiti kilitoka kimelowa mpaka vidoleni. Tanki ilijaa pomoni. Nyuma ya pikipiki, yakifichwa na kitenge kilekile, yalipangwa madumu manne ya biro, nayo yamejaa, hayajafunguliwa.

Odile akakaa chini kwenye sakafu. Bwana alimkuta pale, machozi yanamtoka.

"Papa Florent, unisamehe. Nilisema moyoni mwangu kwamba unauza. Miezi mine nilikuwa nakungojea ufungwe. Kumbe nimeolewa na mutu wa haki!"

Papa Ilunga alijipangusa uso kwa taulo, muda mrefu kuliko uso wenyewe.

"Defile imebaki siku ngapi?" mke aliuliza.

"Nane."

"Sasa huzuni ni ya nini? Pikipiki ni nzima, esansi imejaa, Komisere anakungojea. Unataka nini tena, Papa Florent?"

Papa Ilunga akaenda akafunga mlango. Akafunga na dirisha la upande wa majirani. Halafu akaitazama ile baiskeli ya baba mkwe wake, iliyoegemea ukutani ikinuka ndagala.

"Nataka unifundishe hiyo," akasema. "Kesho alfajiri, kule mchangani. Unishikie kiti nyuma, Odile, na usiachilie."