Kamba ya Gatini

Uliangalia pembeni, usibishe. Uliitazama meli ya watalii, nyeupe, ndefu kuliko kijiji kizima, ukasahau kutazama chini yake.

Chini yake alisimama mama mpara samaki. Bintiye, uchungu wa kuzaa umemshika, alilala juu ya mlango walioung'oa nyumbani kumbebea. Boti pekee ya kumvusha hadi hospitali ilikuwa ng'ambo ya kamba iliyofungwa kuwatengea wageni njia.

"Shangazi, subiri kidogo," alisema mlinzi, mtoto wa kaka yake mama huyo. "Wageni wanashuka. Wamebaki kama mia mbili tu."

"Na mjukuu wangu nimwambie apange foleni?"

Mlinzi alicheka, kisha akaiona damu ikichuruzika mbaoni. Kamba hakuifungua. Mtalii mmoja alipiga picha.

Mama hakuhisi hasira. Hakuhisi hata vidole vyake, vilivyokufa ganzi kwa barafu tangu alfajiri, magamba yamegandia kwenye kucha. Mkono ulichomoa kisu kiunoni, naye akautazama tu ukiikata kamba.

Hakuna aliyesogea.

Nawe unayesoma, mikono mfukoni ya nini? Shika huu mlango upande wa miguu, tuvuke. Sasa hivi!