Bei za Tetuan

Bi Ghizlane alishuka kwenye basi la Kasablanka akiwa na daftari jipya mkononi, na Zuhair akajua kwamba bosi wake hakuja Tetuan kutembea.

"Usinitambulishe kwa mtu," alisema kabla hata hawajasalimiana vizuri. "Mimi ni mgeni wako, basi. Wakijua mimi ni nani, bei zitachezewa."

"Zichezewe na nani, Lalla?" akauliza Zuhair, akimwita kwa jina la heshima la mabibi. "Watu wa huku hawana mambo hayo."

Kwa miaka miwili Zuhair alikuwa akiifanyia kazi kampuni yao akiwa mbali, juu ya paa la nyumba ya kupanga, kompyuta mapajani, kandambili miguuni na mlima mbele ya macho. Mkewe, Ilham, alikuwa mwalimu, tena mzaliwa wa mji huo. Kila kikao cha mtandaoni kilipokaribia kwisha, Zuhair aliwatambia wenzake wa Kasablanka: kodi yangu hii, kunyoa hivi, samaki hivi. Wenzake walicheka wakamwita mwongo.

Kisha mwenye jengo la ofisi akapandisha kodi, na hakuna aliyecheka tena. Ikiwa Tetuan ni nafuu kama Zuhair anavyosema, ofisi nzima ingehamia huko na yeye angeiongoza. Ikiwa sivyo, ruhusa yake ya kukaa mbali ingefutwa arudi Kasablanka. Ilham, mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa ameshasema kwamba yeye haendi popote.

Walianzia nyumbani. Mwenye nyumba, Haji Laarbi, alikuwa akimwagilia mnanaa kwenye vyungu vyake. Zuhair akamuuliza, kama mtu aliyekumbuka ghafla, kuhusu kodi ya mwaka ujao.

"Ileile," akasema Haji. "Nani kakwambia nitaongeza? Usikose usingizi kwa hilo, mwanangu."

Bi Ghizlane akaandika.

Kwenye ngazi wakakutana na jirani, Hajja Rhimou, akiwa na bakuli la supu ya dengu lililofunikwa kwa kitambaa.

"Bado?" akauliza.

"Bado, Hajja."

"Itakuja tu. Mtu akishachoka kungoja ndipo inapokuja. Shika supu hii."

"Anaulizia mtoto," Zuhair akamweleza bosi wake Hajja alipokwisha kupita. "Huyu hapitishi siku mbili hajatuletea kitu."

"Mnamlipa?"

"Ukitaka kumtukana, mlipe."

Bi Ghizlane akaandika hilo pia, kisha akalipigia mstari.

Kwa kinyozi, Zuhair alipunguzwa nywele, akapunguzwa ndevu, akakandwa shingo pia. Alipotoa sarafu zake, kinyozi alizipokea bila kuzitazama. "Mke wako ni mtu mwema sana," akasema akimpangusa shingo kwa taulo. "Mshike vizuri." Zuhair akaahidi kwamba atamshika. Huko nje alimtajia bosi wake alichokilipa, na Bi Ghizlane akasimama katikati ya njia, punda wa mizigo akalazimika kumkwepa.

"Wewe Zuhair. Mimi kwa pesa hizo sioshwi hata ukucha."

Ilipofika saa sita Bi Ghizlane alikuwa mtu mwingine. Alicheka ovyo, akataka kujua shule za watoto, akanyoosha kidole kwenye nyumba nyeupe zilizopanda mlimani na kuzigawa kama keki: ile ya vioo vya kijani iwe ofisi, ile yenye kibaraza iwe yake yeye. Mama yake angepewa ghorofa ya chini kwa sababu ya magoti. Zuhair akajificha nyuma ya kibanda cha vitambaa, akampigia mkewe.

"Tumeshinda," akasema. "Anachagua madirisha."

Ilham alicheka kwa sauti darasani, na Zuhair akawasikia wanafunzi wakicheka bila kujua wanacheka nini.

Kilichobaki kilikuwa samaki. Mfaddal, muuza samaki, alipomwona Zuhair hakungoja kuulizwa. Alimpimia kilo ya sardini kwa dirhamu nane, akatupia wengine watano juu ya mzani, kisha akaongeza kichwa cha samaki mkubwa. "Cha mchuzi," akasema. "Mwenye mimba ale."

"Nami kilo moja," akasema Bi Ghizlane akifungua pochi.

"Ishirini na tano, Lalla."

Zuhair akacheka. Mfaddal hakucheka.

"Mfaddal, huyu ni mgeni wangu."

"Mgeni wako tunamkaribisha. Ishirini na tano."

"Ni sardini walewale. Wametoka kwenye sanduku moja."

"Sanduku moja, kweli."

Bi Ghizlane alikuwa amekwisha kufungua daftari. Kalamu ilisimama juu ya karatasi, na jinsi alivyomtazama Zuhair ndivyo alivyomtazama mhasibu wa kampuni aliyefukuzwa mwaka jana. Masikio ya Zuhair yakapata moto.

"Unaniaibisha mbele ya watu," akamwambia Mfaddal. "Mwambie bei ya kweli."

Mfaddal akampa jicho la huruma. Akafuta mikono kwenye aproni, akaizunguka meza, akamsogeza Bi Ghizlane pembeni kwa adabu zote. Lakini sauti iliyozoea kunadi samaki haijui kunong'ona, na Zuhair akasikia kila neno.

"Lalla, naona wewe ni mtu mwenye nafasi yako. Kama kuna kazi yoyote huko Kasablanka, hata ya kufagia, mkumbuke kijana huyu. Mtaa mzima tulikubaliana kumpunguzia bei mpaka apate, lakini huu ni mwaka wa pili sasa, na kompyuta anayoichezea juu ya paa kutwa nzima haitamlishia mtoto."