Tawi Jeupe

Fumo alikuja mchana kuomba kipande cha ua. Mkiwa, mke wake wa kwanza, alikuwa amelilea ua hilo sebuleni kwa miaka mingi, na majani yake ya kijani yalikuwa na mabaka meupe kama maziwa yaliyomwagika.

"Bi mdogo amelipenda," Fumo alisema bila kumtazama. "Nikatie lile tawi jeupe kabisa."

Mkiwa alichukua kisu. Tawi hilo lilipendeza kuliko yote, lakini halikuwa na hata doa la kijani. Tawi la namna hiyo haliwezi kujilisha. Huishi kwa kunyonya shina lililolizaa, na likitengwa hunyauka, hata litunzwe vipi. Mkiwa alilijua hilo. Fumo hakulijua.

"Mbona unasita? Kama hutaki, sema."

"Nani kasema sitaki?"

Akalikata, akalizungushia kitambaa kibichi, akampa. Fumo akatabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya katika nyumba hiyo tangu aoe tena.

"Ahsante, Mkiwa. Una moyo mkubwa."

Maneno hayo yalimchoma. Fumo alipofika mlangoni, Mkiwa akamwita.

"Nini tena?" Fumo aliuliza.

Mkiwa alikifuta kisu. "Jua," alisema mwishowe. "Lisipigwe na jua kali."

Fumo aliitikia kwa kichwa, akaondoka. Kupitia dirishani Mkiwa alimwona akivuka barabara kichwa wazi katika jua la mchana, amelipakata tawi kifuani kama mtoto mchanga, amelifunika kwa kofia yake.