Twiga Apanga Uwanja wa Gofu

Wanyama walipoanza kupenda gofu, walimpa Twiga kazi ya kupanga uwanja, kwa kuwa aliona mbali. Alisimama mahali pamoja, akachora mashimo yote kumi na nane.

Siku ya ufunguzi wachezaji walipanda kilima kilekile mara nne. Kufikia shimo la saba, Nyati akaketi.

"Nimekuja kucheza, sikuja kuhama!" akafoka.

Twiga aliona haya. Akamgeukia Punda, mbeba fimbo. "Wewe ungepitisha wapi?"

"Linapoishia shimo moja, lingine lianzie hapo hapo. Kilima tukipande mara moja, tungali na nguvu."

"Mbona hukuniambia?"

"Bwana, macho yako yalipita juu yangu."

Twiga akauchana mchoro, akainamisha shingo, akamfuata Punda kwa miguu.