Saa Tatu Nyuma

Tito alirudisha saa tatu nyuma kichwani, kisha akampigia mkewe simu.

"Ndiyo kwanza naamka," alisema. "Huku Akra ni saa moja asubuhi."

Ilikuwa saa nne. Alikuwa gesti, mtaa wa Njoro, Moshi, na chapati ya pili ilikuwa mdomoni.

"Kamera mbona umezima?" aliuliza Elisifa.

"Mtandao."

"Hata wangu mbovu," alijibu upesi.

Kwa miaka miwili Tito alikuwa fundi mashine kwenye ghala la kakao kule Akra. Mwezi uliopita Elisifa alimwambia, bila kupandisha sauti, kwamba amechoka kuolewa na simu. Tito akaomba likizo, akakata tiketi, asimwambie mtu. Alitua jana jioni. Leo angepanda hadi nyumbani kwake Mwika, atokee tu mlangoni.

Ili asishtukiwe, akaanza kumsimulia watu wa Akra. Usiyemjua anadakia mazungumzo yenu kwenye foleni, anawashauri, mnacheka, anakwenda zake. Msiba wa Jumamosi una bendi, na wabeba jeneza wanacheza nalo mabegani.

"Sisi tukicheza na jeneza, mchungaji anatutenga wote," alisema Elisifa. "Na honi zao! Utadhani wanagombana."

Tito hakukumbuka kama aliwahi kumwambia habari za honi.

"Huko baridi imepungua?"

"Joto tu, tangu alfajiri."

Tito alichungulia dirishani. Ilikuwa Julai. Manyunyu yalikuwa yakianguka, watu wamejikunyata ndani ya masweta, na mlima haukuonekana kabisa. Mke anayekudanganya hata hali ya hewa, hasira zake bado mbichi.

"Leo unakwenda kazini?" aliuliza Elisifa.

"Siendi. Nipo ndani kutwa nzima."

"Haya," alisema, akakata.

Tito alivaa shati aliloshonewa Akra, akakodi taksi. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Alikwisha kuamua: akimkuta bado amenuna, kazi ya kakao basi, atabaki kulima kahawa.

Nyumba ilikuwa na kufuli. Zizi lilikuwa tupu. Mama yake, anayekaa kihamba cha pili, shamba la ukoo lililo jirani, alitokea mgombani na mkungu wa ndizi kichwani. Alipomwona, akautua chini taratibu, kama mtu aliyepata habari mbaya.

"Shikamoo, mama. Elisifa yuko wapi?"

Mama alimtazama kuanzia viatu hadi shati.

"Tito, hapa unafanya nini?"

"Nimemfuata mke wangu."

"Mke wako kauza ng'ombe, akapanda ndege juzi kukufuata," alisema mama. "Amenipigia sasa hivi analia. Amegonga mlango wako mpaka mkono umevimba, na wewe umo ndani, hutaki kumfungulia."